Kiti cha Marehemu

Nisikufiche. Mwaka ule sikutaka Halowini wala jamaa zake. Nilikuwa nimechoka, na si uchovu ule wa kupumzika wikiendi mbili ukaisha. Mama yangu tulimzika mwezi wa tatu, na mpaka mwezi wa kumi bado nilijikuta asubuhi nimesimama jikoni napondaponda viazi na karoti kwa uma, vilainike, vimezeke vizuri, kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Ukigundua, unabaki na uma mkononi hujui uvitupe au uvile. Mimi nilikuwa navila.

Miaka saba nilimuuguza. Kiharusi kilimwangusha bafuni, upande wa kushoto ukafa, na mimi niliyekuwa karani mahakamani nikaacha kazi nikarudi kwenye nyumba niliyozaliwa. Kumwinua, kumwogesha, kumlisha, kutukanwa. Ndiyo, kutukanwa. Kiharusi kilichukua mkono na mguu, ulimi kikauacha salama salimini. Mdogo wangu Gwen alikuwa Oregon, upande wa pili wa nchi, akituma kadi za Krismasi na maboksi ya mapeasi. Miaka saba hakukanyaga. Hata mazishini hakuja. Alituma shada la maua kubwa, likabebwa na wanaume wawili, nami nikalitazama nikasema moyoni, haya, angalau maua yamepata nauli.

Basi siku tatu kabla ya Halowini simu yangu ikaingia ujumbe wa Gwen. "Nakuja Ijumaa kwenye karamu. Usijisumbue kwa lolote." Hivyo tu, hata salamu hakuna. Sikumjibu. Lakini nilijiapia, na kiapo chenyewe nilikitamka kwa sauti mbele ya friji: Gwen akija akaondoka bila kuniomba samahani kwa kinywa chake, undugu wetu umeishia hapo. Namba yake naifuta, na mapeasi yake yakija nawagawia majirani. Nilikuwa na miaka hamsini na minane na sikuwa na ndugu mwingine duniani, kwa hiyo usidhani ulikuwa utani.

Utauliza, mtu amechoka hivyo, karamu ya nini? Muulize Bev. Bev Stoltz ni jirani yangu, mjane, mdomo wake haujui likizo. Alikuja mwezi wa tisa, akakaa jikoni kwangu, akaniambia mji mzima unauliza kama karamu ya Mama ya kila Halowini itakuwepo.

"Shoga, usituangushe," akasema. "Miaka ishirini na tatu! Mama yako atageuka kaburini."

"Akigeuka, itakuwa mara ya kwanza kujigeuza mwenyewe tangu apate kiharusi."

Bev alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akatoa kwenye pochi karatasi yenye majina ya wageni kumi, ameshaandika tayari. Nikashindwa kukataa. Ndio ugonjwa wangu huo, wa kushindwa kukataa.

Katika mji wetu huu kando ya mto Ohio watoto wana usiku wao wa kugonga milango na kuomba peremende, na halmashauri ndiyo hupanga ni lini na saa ngapi. Mwaka ule ulikuwa Alhamisi. Ijumaa, tarehe thelathini na moja yenyewe, ilikuwa ya watu wazima, na kwa watu wa umri wetu maana yake ilikuwa nyumba ya Lucille Brandt, mama yangu. Mama hakutaka kuona kinyago cha plastiki wala damu ya rangi. Alitaka magauni marefu meusi, glavu, mishumaa, vioo vyote vimefunikwa, na chakula cha jioni cha kimya.

Chakula cha kimya kina taratibu zake. Kila kitu kinakwenda kinyume: kahawa na pai huja kwanza, supu huja mwisho, uma kulia, kisu kushoto. Kiti kimoja ni cha marehemu. Kila mgeni anapoingia huandika kwenye kadi jina la mtu wake aliyekufa, akaitelezesha chini ya sahani ya kiti kile. Marehemu hupakuliwa wa kwanza, na hakuna anayegusa chakula chake. Kengele ikishalia, hakuna kusema, hata kunong'ona, mpaka bakuli la mwisho liondolewe mezani. Atakayefungua kinywa ataosha vyombo vyote kwa mkono, maana sahani za Mama zina ukingo wa dhahabu na haziwezi kuingia kwenye mashine.

Sasa sikia kichekesho. Miaka yote ile waliowahi kuteleza ni wengi. Gordon Pruitt, mfamasia mstaafu, alipaliwa na kokwa akasema "Mungu wangu" mbele ya watu wote. Unadhani aliosha? Mama alicheka, akampiga kofi dogo la begani, akasema mgeni haoshi vyombo nyumbani kwake. Nani aliviosha? Mimi hapa. Nilikuwa napika, napakua, naosha. Hata kabla ya kuhamia pale, Halowini ikifika nilikuwa naomba ruhusa kazini nakuja kupika. Mezani palikuwa na viti kumi na viwili, cha Mama kichwani, kumi vya wageni, na cha marehemu kando ya mlango wa jikoni. Marehemu alikuwa na kiti. Mimi sikuwa nacho, na wala hakuna aliyewahi kuvihesabu akaona kimepungua kimoja.

Ijumaa hiyo asubuhi Milo Haskett alikuja na gari lake refu. Milo ndiye mwenye nyumba ya mazishi, ndiye aliyemzika Mama, mtu mpole anayezungumza kama vile chumba cha pili kuna mgonjwa. Alikuwa ameleta vitambaa vyeusi vya kuvalisha viti, kitambaa kizito kinachoshuka mpaka sakafuni.

"Bi Rhonda, nimeona vitaleta hadhi," akasema. "Vimefuliwa, usiwe na wasiwasi."

"Nani alivikalia mara ya mwisho?"

"Ukoo wa Dunphy. Watu safi kabisa."

Tukavalisha viti vyote, vikapendeza kweli, sikatai. Bev alikuwa juu ya ngazi anatundika matawi makavu yenye kunguru wa karatasi. Nilipofika kichwani pa meza, kwenye kiti cha Mama, mikono ikagoma.

"Kaa wewe hapo mwaka huu," Bev akasema kutoka juu. "Ndiyo nafasi yako sasa."

"Sikai hapo."

"Basi nani atakaa?"

Nikasimama nikifikiri. Mwishowe nikakitoa kile kiti cha kando ya mlango wa jikoni, nikakipeleka ghalani, na utepe mweusi wa marehemu nikaufunga kwenye kiti cha Mama. Niliona ni sawa. Marehemu wetu si ndiye yeye? Sikufikiri jambo moja tu: utepe mweusi juu ya kitambaa cheusi, kwenye mwanga wa mishumaa, nani atauona? Wageni wetu nitawaambia mlangoni. Na ambaye hatapitia mlangoni kwa wakati, huyo sikumfikiria kabisa.

"Gwen je?" Bev akaniuliza, akishuka ngazi kinyumenyume. "Umemwekea kiti?"

"Gwen amesema nisijisumbue kwa lolote. Sijajisumbua."

"Wewe Rhonda ukikasirika unakuwa Lucille mtupu."

Hilo liliniuma kuliko alivyodhani. Nikaingia jikoni kuangalia mabata kwenye oveni.

Saa kumi na moja na nusu wageni walianza kuingia. Gordon na mkewe Faye, mume kavaa koti la mikia, Faye kavaa wavu mweusi usoni. Bev alikuja na gauni la velvet lenye mgongo wazi ambalo kwa umri wake lilihitaji moyo. Milo hakuwa na haja ya kubadilisha nguo. Kila mmoja akaandika kadi yake kwenye meza ndogo ya ukumbini, nami nikamwonyesha kiti cha marehemu, akaenda kuitelezesha chini ya sahani kubwa ya chini, ile isiyoondolewa. Bev aliandika jina la mumewe, akaibusu ile kadi, ikabaki na rangi ya midomo.

"Na wewe hujaandika," akaniambia.

Nikachukua kadi. Nikashika kalamu. Watu wazima walikuwa wananitazama kwa huruma, wakijua jina nitakaloliandika. Nikajifanya naandika, nikaikunja kona, nikaenda nikaiweka na nyingine. Ilikuwa tupu.

Saa kumi na mbili kamili niligonga kengele. Gwen hakuwa amefika. Nikasema moyoni, haya, afadhali, nimepumzishwa kazi ya kukasirika. Kimya kikaingia. Unasikia mishumaa tu, na tumbo la Gordon. Nikampakulia marehemu kipande cha pai ya tufaha na kikombe cha kahawa, kisha nikawazungukia wengine, kisha nikarudi jikoni kukata mabata.

Sikusikia mlango. Nilirudi na sinia la kwanza, bata amezungukwa na kabichi nyekundu, nikaona nyuso zote zimegeukia upande mmoja. Faye ameshika mdomo kwa mikono miwili. Milo, ambaye kazi yake ni kutoshtuka, ameshtuka. Bev mabega yanamtikisika, machozi yanamtoka, anauma leso asicheke.

Kichwani pa meza, kwenye kiti cha marehemu, mdogo wangu Gwen alikuwa amekaa na koti lake la safari, anakula pai.

Aliila kwa njaa ya mtu aliyetoka uwanja wa ndege. Alikunywa na kahawa. Chini ya sahani ile walikuwepo baba yake Gordon, mama yake Faye, mume wa Bev na marehemu wa nusu ya mji, na juu yao Gwen anakwangua makombo. Na hakuna aliyeweza kumwambia! Kila mtu alikuwa na neno limemkwama kooni, lakini kengele ilishalia. Gordon alijaribu kumwashiria kwa nyusi. Gwen akadhani anasalimiwa, akamrudishia tabasamu na kupunga uma.

Mimi nilisimama na sinia. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi na alikuwa amenenepa kidogo. Nilielewa mara moja alichofikiri. Kiti cha marehemu siku zote kilikuwa kando ya mlango wa jikoni, leo hakipo. Kiti cha Mama kiko wazi na pai imeshapakuliwa. Alidhani nimemwekea yeye. Alidhani nimempa kiti cha Mama, mimi, baada ya miaka saba! Akaninyanyulia uso, macho yamelowa, akaweka mkono kifuani kushukuru. Jamani, nilitamani kumvunjia lile sinia kichwani.

Lakini taratibu ni taratibu, na marehemu hupakuliwa wa kwanza. Ikabidi nimwendee. Nilimwekea paja la bata mbele yake nikiwa nimekaza taya mpaka sikio likauma. Alipoinama kuvuta kiti karibu, akaona kona za kadi zimechungulia chini ya sahani. Akaivuta moja. Kisha ya pili. Akageuka akapapasa nyuma ya kiti, vidole vikagusa utepe.

Nilimwona anabadilika rangi. Nilitegemea atainuka, akimbie, kama kawaida yake. Hakuinuka. Alizitoa kadi zote, akazisoma moja moja bila haraka, akizirudisha chini ya sahani kwa adabu, ile ya Bev yenye rangi ya midomo akaishika kwa ncha za vidole. Ya mwisho ilikuwa tupu. Akaigeuza upande huu na ule. Akaitazama kona iliyokunjwa. Kisha akanitazama mimi, na lile paja la bata hakuligusa.

Niliendelea na kazi. Mabata yakaliwa, sahani nikaziondoa, nne nne kila mkono. Mgongo ulikuwa unaniwaka moto pale chini ambapo niliumia siku moja Mama alipoteleza nikamdaka. Supu ndiyo ya mwisho, supu ya maboga, na bakuli la Mama la supu ni zito likiwa tupu, sembuse likijaa. Milo alikuwa ameniletea barafu kavu ya kuzungushia chini yake, ili moshi mweupe umwagike mezani. Nikalibeba, moshi unanishukia mpaka miguuni, kila mtu ananyoosha shingo kwa raha. Wanasema nilipendeza, na nadhani nilionekana mzuka wa kweli. Mimi najua tu mikono ilikuwa imekufa ganzi.

Nikafika kichwani pa meza. Nikalitua. Nikachukua upawa, nikachota. Supu ikamwagika kwenye kitambaa cha lesi. Nikachota tena. Ikamwagika tena. Watu wote wanatazama, na hakuna anayeweza kusema pole. Nikachota mara ya tatu.

"Rhonda," Gwen akasema. "Kaa chini."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na sauti ikajaa chumba kizima.

"Amesemaaa!" Bev akapiga meza. "Amesema! Mashahidi mko kumi!"

Meza ikalipuka. Faye alikuwa analia kwa kicheko, Gordon akipiga makofi, wote wakamwaga maneno waliyoyabana saa nzima. "Mama yangu yuko chini ya pai yako, wewe binti!" "Na pai yenyewe kaimaliza!" "Nimekukonyeza mpaka jicho limeteguka!" Hakuna aliyemjali marehemu tena. Gwen hakucheka. Alikuwa ameshainuka, ameninyang'anya upawa, na amenivutia kiti.

"Kaa."

"Hicho ni kiti cha marehemu," nikamwambia.

"Najua. Jitazame kama hakikufai."

"Vioo vimefunikwa."

"Basi niamini mimi. Kaa, dada."

Nikakaa. Usinicheke, lakini nilipoegemea tu, nilitaka kupiga ukelele mbele ya watu. Miaka ishirini na tatu sikuwahi kuiona meza ile kutoka pale. Nilijua mishumaa kwa idadi, sikujua inavyopendeza ukikaa. Gwen alinipakulia supu mimi kwanza, kisha akawazungukia wote, wa mwisho Milo. Ilikuwa imepungua chumvi, na hakuna aliyeniambia. Alipomaliza akaanza kukusanya vyombo.

Milo akanyanyuka. "Bi Gwen, hapana. Desturi ya hapa, mgeni haoshi."

"Mimi si mgeni," Gwen akasema. "Kaa na wewe."

Wageni wakahamia sebuleni kunywa, sauti zimepanda. Mimi nikamfuata jikoni, nisidanganye, si kwa upendo. Niliogopea sahani. Nilimkuta amevua koti, amepandisha mikono ya blauzi, maji yanatoka moshi. Nikakaa kwenye kigoda, nikavua viatu. Nikasubiri. Nilijisemea, sasa ndio wakati wake, tuko wawili, mlango umefungwa. Aseme.

"Kadi tupu ilikuwa yako," akasema, amenipa mgongo.

"Nani kakuambia?"

"Unakunja kona. Kila karatasi unakunja kona, tangu darasa la kwanza."

"Nilishindwa kuandika jina lake," nikasema. "Unaandika, maana yake unamkaribisha arudi. Na mimi sina nguvu za kumpokea."

Akaosha sahani mbili. Alikuwa anaosha vizuri, nilimwona, ukingo wa dhahabu anaupitishia kidole tu.

"Mbona hukuja kumzika?" nikamuuliza.

"Niliugua."

"Gwen, acha."

"Ndege zilikuwa..."

"Gwen."

Akafunga bomba. Mikono yake ilikuwa ndani ya povu na hakuitoa.

"Nilikuogopa," akasema.

"Mimi?"

"Wewe. Miaka yote hiyo. Nilikata tiketi mara tatu nikazirudisha. Nilijua nikishaingia mlango ule tu, utanikabidhi Mama, utachukua mkoba, utaondoka. Na mimi nisingemweza, Rhonda. Hata wiki. Nilikuwa namsikia kwenye simu anavyokutukana huku nyuma, nakata simu, nakaa kwenye gari natetemeka. Nikasema nisiende. Nisipokwenda hawezi kuniachia. Halafu akafa, na nikaona haya. Ningekuja kufanya nini wakati kazi imeshakwisha?"

Hakusema samahani. Nililingoja lile neno, kweli nililingoja, nikawa namtazama mgongo. Na badala ya kukasirika nikasikia kitu kingine kinanitoka, kitu ambacho sikuwahi kumwambia Bev wala kasisi wala mtu yeyote.

"Ningekuachia," nikasema.

Akageuka.

"Ningekuachia siku hiyohiyo. Hata koti usingelivua. Nilikuwa na begi kwenye buti ya gari, Gwen, miaka sita. Nguo tatu na mswaki. Kila ulipopiga simu ukasema labda utakuja Krismasi, nilikuwa naenda kuongeza soksi."

Kisha akaanza kucheka, na kicheko kikageuka humohumo kikawa kilio, nami nikawa vilevile, watu wazima wawili, mmoja na povu mpaka kwenye viwiko na mwingine hana viatu. Sebuleni walidhani tunafanya mzaha wa Halowini. Nilimsikia Bev akisema, "Wasikilizeni hao mizuka."

"Ungeenda wapi?" Gwen akauliza, akijifutia pua begani.

"Sijui. Popote. Moteli ya barabara kuu."

"Na ungerudi?"

Hapo ningeweza kumdanganya. Ndugu hudanganyana kwa mengi, na angependa kusikia ndiyo.

"Sijui," nikamwambia. "Kweli sijui."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolijua zamani. Akafuta mikono kwa taulo, kidole kimoja kimoja. Akaenda mpaka kwenye ndoano ya mlango wa nyuma, akachukua funguo za gari langu, akaniwekea mapajani.

"Begi bado limo?"

"Limo."

"Basi nenda."

"Gwen, nina wageni."

"Nina wageni mimi. Vyombo ninavyo, Bev ninaye, Milo nitampakia vitambaa vyake asubuhi. Nenda, Rhonda. Nimechelewa, najua nimechelewa. Lakini nipo. Nenda."

Nilikaa na zile funguo. Nilitafuta sababu ya kukataa, na mimi kwa sababu sikosi: sahani, mishumaa, Faye anayelewa upesi. Hakuna hata moja iliyonisimamisha. Nikavaa viatu. Gwen hakunikumbatia, alishageuka na kufungua bomba, na nilishukuru, maana angenigusa nisingetoka. Nikafungua mlango wa nyuma, nikatoka kwenye karamu yangu mwenyewe saa mbili na robo, taa zote zinawaka, watu wanacheka ndani.

Moteli iko dakika kumi. Msichana wa mapokezi alikuwa amevaa masikio ya paka. Akalitazama gauni langu jeusi la kuburuza, lesi, glavu zenye supu ya maboga, na lile begi, akatabasamu.

"Mama, umependeza! Umetoka karamu gani?"

"Nimetoka kazini, mwanangu," nikamwambia. "Nipe chumba kisicho na kelele."